Kusoma Kihispania Nchini Hispania na Kuishi na Familia Mwenyeji: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Watu wa Mwanza na Kanda ya Ziwa

Maswali haya hurudiwa mara nyingi na watu wa Mwanza, Sengerema, Geita, Musoma na Bukoba wanaofikiria kwenda Hispania kusoma lugha kwa wiki au miezi kadhaa. Yameanza na mambo ya msingi na kuishia kwenye hali zisizo za kawaida. Pale ambapo jibu limekwisha kutolewa, msomaji anaelekezwa kwenye swali husika.

## Mambo ya msingi

Kuishi na familia mwenyeji maana yake ni nini hasa?

Ni mpango ambao shule ya lugha humtafutia mwanafunzi chumba katika nyumba ya wakazi wa mji husika, ili alale hapo, ale hapo baadhi ya milo yake, na azungumze Kihispania na wenyeji kila siku baada ya masomo. Familia hulipwa kutokana na fedha ulizoilipa shule. Kwa hiyo wewe si ndugu aliyekuja kusalimia, wala si mpangaji anayefunga mlango wake na kuendelea na shughuli zake. Uko katikati ya hao wawili, na maswali mengi yaliyo hapa chini yanatokana na ugumu wa kukaa katikati hapo.

Neno "familia" nalo lichukuliwe kwa upana. Unaweza kupangiwa kwa mjane ambaye watoto wake wamehama, kwa wanandoa wasio na mtoto, kwa mama anayelea kijana mmoja, au kwa watu waliohamia Hispania kutoka Kolombia au Ekwado. Anayetarajia nyumba iliyojaa watu kama za kwetu mara nyingi hukuta watu wawili na televisheni.

Kwa nini nisipange chumba na Watanzania wenzangu?

Inawezekana, na pengine utaokoa fedha. Lakini jioni mtazungumza Kiswahili, Jumamosi mtazungumza Kiswahili, na Kihispania kitabaki kuwa somo la asubuhi. Unachonunua kwa familia mwenyeji ni meza ya chakula, yaani saa moja au mbili kila siku ambapo mtu mzima mwenye subira anakuuliza umeshindaje na anasubiri jibu. Kwa maoni yetu, mtu asiyekusudia kuketi kwenye meza hiyo afadhali apange chumba.

Kihispania kitanifaa nini nikirudi Mwanza?

Kwa waongoza watalii faida iko wazi: lango la Ndabaka la Hifadhi ya Serengeti liko kando ya barabara ya Mwanza–Musoma, na wageni wanaozungumza Kihispania hupendelea kiongozi anayewaeleza mambo kwa lugha yao. Wapo pia wanaofanya kazi katika viwanda vya minofu ya sangara, kwa kuwa Hispania ni miongoni mwa masoko ya samaki huyo barani Ulaya, ambako huuzwa kwa jina la *perca del Nilo*. Usishangae ukiletewa mezani huko samaki aliyevuliwa ziwani kwenu.

Je, lazima iwe Hispania?

Hapana. Antigua, nchini Guatemala, ni mji unaojulikana sana kwa masomo ya mwalimu mmoja kwa mwanafunzi mmoja, pamoja na makazi ya familia, na gharama za huko kwa kawaida ni ndogo kuliko za Hispania. Kikwazo kwa mtu wa Mwanza ni safari: nauli ni kubwa, na ndege zinazopitia Marekani humlazimu Mtanzania kuwa na viza ya Marekani hata kama anapita tu uwanjani. Guinea ya Ikweta ni nchi ya Kiafrika ambayo Kihispania ni lugha rasmi, lakini haina mtandao wa shule za lugha na familia zinazopokea wanafunzi kama ule wa Hispania. Majibu yanayofuata yanahusu Hispania.

Nichague mji gani?

Salamanca una chuo kikuu kilichoanzishwa mwaka 1218 na maisha yake yamezoea wanafunzi. Ni mdogo kiasi cha kutembea kwa miguu kutoka nyumbani hadi darasani. Granada hupendwa na wanafunzi Waislamu, na katika mtaa wa Albaicín upo msikiti mkubwa uliofunguliwa mwaka 2003. Madrid ina kila kitu, pamoja na gharama zake. Barcelona na Valencia ni miji mizuri, lakini lugha ya nyumbani kwa familia nyingi za Barcelona ni Kikatalani, na Valencia nako kuna Kivalensia. Mwanafunzi anayeanza anaweza kuketi mezani akisikia lugha mbili kwa wakati mmoja bila kujua ipi ni ipi. Kwa mwanzo tunapendekeza mji wa wastani ambao Kihispania ndicho kinachozungumzwa nyumbani.

Popote utakapochagua, uliza kama shule imeidhinishwa na Instituto Cervantes, taasisi ya serikali ya Hispania iliyoanzishwa mwaka 1991 kukuza ufundishaji wa lugha hiyo duniani.

Je, nijue Kihispania kidogo kabla ya kuondoka?

Shule hupokea hata asiyejua neno, lakini chakula cha kwanza cha usiku kitakuwa kirefu sana kwako. Miezi miwili ya kujisomea nyumbani inatosha kukupa salamu, namba, vyakula na vitenzi vya kila siku.

Msemaji wa Kiswahili ana mtaji mzuri. Kihispania kina irabu tano zilezile, na kitenzi chake hubeba nafsi ndani yake kama chetu, hivyo hakuna haja ya kutaja "mimi" kila mara. Eneo la kuangalia kwa watu wa Kanda ya Ziwa ni *l* na *r*, ambazo wengi wetu huzibadilishana bila madhara makubwa tukiwa nyumbani. Huko *pelo* ni nywele, *pero* ni lakini, na *perro*, kwa *r* inayotetema, ni mbwa. Fanya zoezi hilo kwa sauti kabla hujamweleza mtu kuhusu nywele zako.

## Viza, nyaraka na fedha

Ninahitaji viza ya aina gani?

Kozi isiyozidi siku 90 hufanyika kwa viza ya muda mfupi ya Schengen, yaani ya kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, Hispania ikiwemo. Ombi linaweza kuwasilishwa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na kwa kawaida lisiwe chini ya siku 15 kabla. Tangu Juni 2024 ada ya mtu mzima ni euro 90, na hairudishwi viza ikikataliwa. Utahitaji pia bima ya safari inayogharimia matibabu ya angalau euro 30,000, na pasipoti itakayobaki hai kwa miezi mitatu au zaidi baada ya siku ya kuondoka Ulaya.

Kozi inayozidi siku 90 huhitaji viza ya mwanafunzi, ambayo nyaraka zake ni nyingi zaidi: barua ya kukubaliwa katika masomo ya muda wote, kwa kawaida yasiyopungua saa 20 kwa wiki, uthibitisho wa fedha, na bima ya afya ya kampuni inayoruhusiwa kufanya kazi Hispania. Ukikusudia kukaa zaidi ya siku 180, huongezeka cheti cha daktari na cheti cha polisi cha kutokuwa na rekodi ya uhalifu. Mwenye kukaa zaidi ya miezi sita hutakiwa kuomba kitambulisho cha mgeni, kiitwacho TIE, ndani ya mwezi mmoja tangu aingie nchini.

Je, ni lazima nisafiri hadi Dar es Salaam?

Ndiyo. Ubalozi wa Hispania uko Dar es Salaam, na alama za vidole haziwezi kutumwa kwa basi. Panga miadi kwanza, ndipo ukate tiketi, iwe ni ya ndege au ya basi la alfajiri kutoka Nyegezi. Mara nyingi kinachomrudisha mtu wa Mwanza Dar es Salaam mara ya pili ni karatasi ambayo haikutafsiriwa au haikuthibitishwa, kama vile cheti cha kuzaliwa au barua ya mwajiri. Kabla ya kuondoka Mwanza, uliza kwa maandishi ni nyaraka zipi zitafsiriwe kwa Kihispania na zipi zipitie Wizara ya Mambo ya Nje.

Nionyeshe fedha kiasi gani?

Kwa viza ya mwanafunzi kigezo ni kiwango cha kipato kinachowekwa na serikali ya Hispania, kiitwacho IPREM, ambacho mwaka 2025 kilikuwa euro 600 kwa mwezi. Kama umekwisha kulipia makazi, weka risiti pamoja na ombi, kwa kuwa sehemu hiyo ya gharama huzingatiwa. Taarifa ya benki ioneshe mwenendo wa kawaida wa miezi kadhaa. Fedha nyingi zilizoingia juzi kutoka kwa shemeji, bila maelezo, hutia shaka kuliko kiasi kidogo kinachoeleweka. Kama shemeji ndiye mfadhili, aandike barua na kuambatisha taarifa zake mwenyewe.

Je, nitaweza kufanya kazi ili nijilipie?

Usipange safari kwa kutegemea hilo. Mwenye viza ya muda mfupi haruhusiwi kufanya kazi kabisa.

Nilipe shule au familia?

Lipa shule. Ukilipa kupitia shule unapata mtu wa kumweleza mambo yakiharibika (tazama "Nifanye nini nikishindwana na familia?"). Mtu anayejitambulisha mtandaoni kuwa familia mwenyeji na kukutaka utume fedha kabla ya kufika aepukwe, hata picha za chumba chake ziwe nzuri namna gani.

Fomu ya makazi itakuuliza kama unataka *media pensión*, yaani kifungua kinywa na chakula cha usiku, au *pensión completa*, yenye milo yote mitatu. Anayesoma asubuhi hufaidika na ya pili, kwa sababu chakula kikuu huko ni cha mchana.

## Maisha ndani ya nyumba

Nimwamkieje na nimwiteje mama mwenye nyumba?

Hakuna salamu ya mdogo kwa mkubwa kama shikamoo. Utasema *buenos días* kwa mtu wa rika lolote, naye atakujibu vivyo hivyo. Wanawake husalimiana kwa kugusanisha mashavu mara mbili, na hata mwanamume na mwanamke hufanya hivyo. Asiyependa, kwa dini au kwa mazoea, anyooshe mkono mapema huku akitabasamu, na jambo litaishia hapo.

Mama huyo, hata akiwa na miaka 70, huenda atakuambia umwite kwa jina lake tu na utumie *tú*, "wewe" ya kawaida, badala ya *usted*, "wewe" ya heshima. Kwa mtu aliyelelewa Mwanza jambo hili ni zito. Anza na *usted*, subiri akuruhusu, kisha kubali; ukikataa mara ya tatu ataona unamweka mbali. Wanaoshindwa kabisa kutamka jina tupu hutumia *doña*, neno la heshima kwa mwanamke, mbele yake, nao huchekwa kidogo kwa upendo.

Watu hula saa ngapi?

Kifungua kinywa ni chepesi: kahawa ya maziwa na mkate uliobanikwa, wakati mwingine ukiwa na mafuta ya zeituni na nyanya iliyokunwa. Usisubiri chapati na supu. Chakula cha mchana huliwa kati ya saa nane na saa tisa na nusu, na cha usiku kati ya saa tatu na saa nne. Ukiambiwa *a las dos*, ni saa nane mchana kwa hesabu yetu; wapo waliokosa mlo kwa kutafsiri saa kwa haraka.

Familia ikikuandalia chakula nawe huji, toa taarifa mapema. Sahani iliyofunikwa ikingoja hadi saa tano usiku huleta ugomvi wa kimyakimya, na ni lalamiko ambalo familia huwa nalo dhidi ya wanafunzi wa mataifa yote.

Mimi ni Mwislamu na sili nguruwe. Itawezekana?

Itawezekana, mradi useme kwa ukamilifu tangu kwenye fomu. Nguruwe huko hajifichi kwenye nyama ya kukaanga pekee. Dengu za mama mwenye nyumba zinaweza kuja na vipande vya *chorizo*, soseji ya nguruwe, vilivyochemkia humo; maharage yanaweza kutiwa mfupa wa *jamón*, paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, ili kupata ladha; na baadhi ya biskuti hukandwa kwa mafuta ya nguruwe yaitwayo *manteca*. Ukisema tu kwamba huli nyama, unaweza kuletewa mboga zenye *jamón* juu, kwa kuwa kwa wengine hicho ni kiungo. Sema: *no como cerdo, ni jamón, ni chorizo, ni manteca*. Rudia siku ya kwanza jikoni.

Hapa ndipo haya yetu hutuponza. Kwetu mgeni aliyelelewa vizuri hula alichopewa, na asipotaka hugusa kidogo akashukuru. Huko mwenyeji anayeona sahani imerudi nusu hudhani unaumwa au mapishi yake ni mabaya, na kesho ataleta kilekile kwa wingi zaidi ili akuridhishe. Kusema "hiki sili" siku ya kwanza si utovu wa adabu. Kusema siku ya ishirini, baada ya kutupa chakula kisirisiri, ndiko kunakouma.

Ramadhani ikiangukia Februari au Machi, jua huzama kabla ya mlo wao wa usiku, hivyo utafuturu mapema kisha uketi nao baadaye. Kwa daku, omba ruhusa ya kuweka chakula chako kwenye jokofu.

Je, nitaweza kupika ugali?

Omba kwanza. Nyumba nyingi humruhusu mwanafunzi kutumia jokofu na kupasha chakula, lakini jiko ni la mwenyewe. Unga mweupe wa sembe hupatikana zaidi katika maduka ya Waafrika na Waamerika ya Kilatini kwenye miji mikubwa. Wenyeji wakikubali, pika siku moja kwa ajili ya wote, na samaki wa kukaanga. Utazungumza Kihispania kingi zaidi jioni hiyo kuliko wiki nzima ya darasani, kwa sababu wewe ndiwe utakayeulizwa.

Je, nisaidie kazi za nyumbani?

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini huko jembe halitatolewa, nawe usilinyakue. Ondoa sahani yako mezani, tandika kitanda, acha bafu kavu. Kuosha vyombo vyote au kupiga deki nyumba nzima kunaweza kumfanya mwenyeji ajione amesemwa kuwa mchafu. Nguo kwa kawaida hufuliwa na familia kwa mashine mara moja kwa wiki. Msichana au mvulana anayeona haya kuchanganya nguo za ndani azifue mwenyewe, ila aulize zianikwe wapi.

Kwa nini wananilalamikia kuhusu maji na taa?

Kwa sababu bili ni kubwa. Kuoga kwa dakika tano kunatosha, taa izimwe unapotoka chumbani, na kipasha joto hakiachwi kikiwaka huku dirisha likiwa wazi. Wanasemeshana hivyohivyo hata wao kwa wao.

Baridi itakuwaje?

Mwanza na Salamanca zote ziko juu ya usawa wa bahari, Mwanza ikiwa juu zaidi, lakini usidanganyike: Salamanca usiku wa Januari joto hushuka karibu na sifuri na mara nyingi chini yake. Nunua koti huko, si huku. Mitumba ya Mwanza ina makoti mazuri, ila utayabeba kwa kilo zako. Kiangazi ni kinyume chake, kwani mwezi Juni jua huzama karibu saa nne usiku, na huko kusini joto la mchana huwafanya watu wafunge madirisha na kupumzika.

Nipeleke zawadi gani?

Kahawa ya Kagera, majani ya chai, kanga au kitenge vinafaa. Nyama na bidhaa za maziwa hairuhusiwi kuziingiza Umoja wa Ulaya kwenye begi la abiria, na maembe huhitaji cheti cha afya ya mimea. Kuhusu dagaa wa Mwaloni Kirumba, hurumia nguo zako.

## Masomo na mitihani

Itachukua muda gani nijue kuzungumza?

Viwango vya lugha ni sita, kuanzia A1, cha anayeanza, hadi C2, cha juu kabisa. Kwa masomo ya saa 20 kwa wiki na mazungumzo ya kweli nyumbani, mwezi mmoja humwezesha mtu anayeanza kununua vitu, kueleza familia yake na kuelewa akisemeshwa polepole. Kumwongoza mtalii Serengeti kwa siku nzima ni kazi ya B1 au B2, na hiyo huhesabiwa kwa miezi mingi.

Familia inanijibu kwa Kiingereza. Nifanyeje?

Waeleze kwamba umekuja kwa ajili ya Kihispania, na uendelee kujibu kwa Kihispania hata kama ni kibovu. Kama vijana wa nyumba hiyo ndio wanaotaka kujizoeza Kiingereza kwako, mpatane muda maalumu, kisha mrudi kwenye lugha ya nyumba.

Kuna tofauti gani kati ya DELE na SIELE?

Vyote ni vyeti vinavyotambulika kimataifa. DELE hutolewa na Instituto Cervantes kwa niaba ya serikali ya Hispania, hulenga kiwango kimoja unachokichagua, na haiishi muda wake. SIELE, iliyoanza mwaka 2016, hufanywa kwa kompyuta, hukupa alama zinazoonyesha kiwango ulichofikia, na hudumu miaka mitano. Anayetafuta kazi ya kudumu achukue DELE. Anayehitaji kuthibitisha kiwango chake haraka achukue SIELE.

## Hali zisizo za kawaida

Nifanye nini nikishindwana na familia?

Tenganisha mambo mawili. Kama ni tofauti za kawaida, kama vile chakula kidogo, ukimya au chumba chenye kelele, sema na mwenyeji kwanza, kisha na msimamizi wa makazi shuleni, na ujipe wiki moja. Kama ni suala la usalama, kuguswa usivyotaka, kutishwa au kufungiwa nje, usingoje chochote: toka, piga simu ya dharura ya shule, na ikibidi piga 112, namba ya dharura ya bure kote nchini. Shule makini ina utaratibu wa kuhamisha wanafunzi. Uulizie kabla hujalipa.

Wakiniuliza maswali ya ajabu kuhusu Afrika?

Watakuuliza. Wengi hawana nia mbaya, na swali la kama mnaishi na simba ni nafasi ya kueleza ziwa, mawe ya Bismarck na daladala za Mwanza kwa wakati uliopita na uliopo. Lakini dharau ni dharau, na huna wajibu wa kuivumilia kwa sababu wewe ni mgeni. Rejea swali lililotangulia.

Naweza kwenda na mume, mke au mtoto?

Baadhi ya familia hupokea wanandoa katika chumba kimoja, lakini ni chache, kwa hiyo omba mapema. Mtoto huhitaji viza yake, na mwanafunzi aliye chini ya miaka 18 huhitaji idhini ya maandishi ya wazazi iliyothibitishwa.

Nikipenda kukaa zaidi ya siku 90, naweza kuongeza?

Viza ya Schengen ya muda mfupi huongezwa kwa sababu nzito tu, kama ugonjwa au dharura. Kozi kunoga si sababu. Anayehisi kwamba atataka miezi sita aombe viza ya mwanafunzi tangu Tanzania.

Viza ikikataliwa, fedha zangu zitarudi?

Ada ya ubalozi hairudi. Ya shule inategemea mkataba, na shule nyingi hurudisha ada ya masomo baada ya kupunguza gharama za usajili, mradi uwapelekee barua ya kukataliwa. Familia mwenyeji inaweza kubakiza sehemu ya malipo kama ulitoa taarifa siku chache kabla ya kufika. Barua ya kukataliwa hutaja sababu: unaweza kuiomba ofisi ileile ipitie upya uamuzi wake ndani ya mwezi mmoja, au ukawasilisha ombi jipya lenye kasoro hiyo ikiwa imerekebishwa. Kama sababu ni nyaraka pungufu, ombi jipya kwa kawaida ndiyo njia fupi zaidi.